Barua ya wazi kwa wanaousimamia Wanale: tufungulieni njia za mlima

Kwenu wakuu wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwenu madiwani na watendaji wa Jiji na wa Wilaya ya Mbale, kwenu wazee wa Inzu ya Masaaba, taasisi ya kitamaduni ya Wamasaaba, na kwenu mlio katika wizara ya utalii, wanyamapori na mambo ya kale.

Waheshimiwa, salaam kutoka Mbale.

Ninafundisha Kiswahili hapa mjini. Ninawaandikia kwa lugha hii kwa kuwa ndiyo wanayosikilizana nayo Mmasaaba, Mteso, Msabiny, Mnubi na Msomali wanapopatana bei ya vitunguu sokoni, na jambo nililo nalo ni la wote hao. Ni jambo la Wanale, mlima tunaoamka nao kila asubuhi.

Ombi langu nalitanguliza. Naomba njia za miguu za Wanale, zile zinazopita msituni ndani ya hifadhi na zile zinazopanda kupitia vijijini hadi mpakani, zisafishwe, ziwekewe alama, na zifunguliwe kwa wakazi wa Mbale kwa ada wanayoimudu, wakiongozwa na vijana wa huko huko juu pamoja na wazee wanaojua kila mahali pana habari gani. Siombi mlima ukatwe viwanja. Siombi mtu apewe shamba ndani ya msitu. Hilo lina mahakama zake na historia yake ndefu. Naomba watu wauzoee msitu kwa kuutembea. Miaka yote hii tumeulinda kwa doria na faini, na matokeo yake ni maelfu kwa maelfu ya watu wanaouona kwa mbali tu, hawajui ndani yake mna nini, na kwa hiyo hawana la kusema mtu anapoingia na msumeno.

Kwa msomaji aliye Mbarara au Mombasa, nieleze kidogo. Elgon ni volkano ya kale, iliyozimika zamani za kale, na kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321. Wanale ni mkono wake wa magharibi. Mkono huo unakuja hadi unakatikia juu ya mji wetu kwa genge refu la mwamba. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi unaona maporomoko ya maji yamening'inia gengeni, mengine ya siku mbili tatu tu kisha yanakauka. Juu ya genge kuna vijiji, migomba, kahawa ya arabika, kabichi, viazi na vitunguu. Watu wengi huku hupaita Nkokonjeru. Ukizidi kupanda unafika mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, yenye kilomita za mraba 1,121 kwa upande wetu wa Uganda. Hapo ndipo msitu unapoanza. Unawasikia mbega kabla hujawaona. Kuna njia inayokwenda pango la Khauka, na kuna mahali pa kusimama ukingoni ukaona nchi ya Bukedi na Teso imetandazwa chini yako, na siku isiyo na ukungu, mwamba wa Tororo upande wa kusini.

Yote hayo yako jirani kabisa na mji. Mtu anaweza kutoka nyumbani kwake akiwa amekunywa chai, akatembea msituni, akarudi kabla ya magharibi. Ni miji mingapi ya Afrika Mashariki yenye neema hiyo? Na bado, nikiuliza darasani nani amewahi kuingia msitu wa Wanale, mikono inayoinuka ni michache, na mingi kati ya hiyo ni ya watoto ambao bibi zao wanaishi huko juu.

Darasa la nne katika shule zetu za msingi wanasoma kuhusu wilaya yao: milima yake, mito yake, viongozi wake, mila zake. Nimesimama mlangoni mwa darasa la mwenzangu nikawaona watoto wakinakili mchoro wa mlima kutoka ubaoni, pembetatu yenye theluji kileleni kama ilivyo katika kitabu, na mlima wenyewe upo dirishani, hauna theluji wala hauna umbo la pembetatu. Hakuna aliyegeuka kuutazama. Simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Kuwapeleka watoto wale mlimani kunataka ruhusa, gari, ada, mtu wa kuwaongoza na njia ambayo mzazi hatakuwa na hofu nayo, na katika hayo matano, mwalimu wa kawaida hana hata moja mkononi.

Niwaambie sasa kuhusu njia zenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Wengi mjini hudhani njia za Wanale ni za wageni wenye mabegi mgongoni. Waliozifungua ni wakulima wa vijiji vya juu. Fikeni chini ya genge alfajiri ya siku ya soko mtawaona wakiteremka: kina mama na vikapu vya matoke kichwani, vijana na magunia ya kabichi, mtu na jerikeni la maziwa ambalo analihamisha kutoka bega hadi bega bila kusimama. Sehemu ambazo mwamba unasimama wima, wanashuka kwa ngazi. Ni ngazi za miti ya mikalitusi, vipago vimefungwa kwa waya na kamba, na mahali ambapo mikono hushika pamekuwa laini, pameng'aa, kwa sababu ya viganja vya watu wa miaka mingi. Anayeshuka hageuki kutazama bonde. Anauweka mguu, anaujaribu uzito, ndipo anaachia mkono. Kipago kikianza kulegea, mmoja wao hukata kingine na kukifunga. Hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo.

Hao ndio wenyeji wa njia, na hao ndio watu wa kwanza ambao mpango wowote wa kuutembelea mlima unapaswa kuwafikiria. Nawaomba msije mkatengeneza njia nzuri ya wageni yenye vibao na viti vya kupumzikia, mkaiacha ngazi ya mama wa matoke ikining'inia vile vile pembeni. Anzeni na ngazi. Wekeni vyuma vya kushikilia, chongeni vipago vya mawe pale mwamba unaporuhusu, jengeni mahali pa kutua mzigo. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na barabara, na faida yake itaonekana siku ile ile. Barabara ya magari inayopanda mlimani tunaishukuru, lakini mkulima mwenye mkungu mmoja wa ndizi hakodi gari, na hata boda boda wa kupanda mlima ule ana bei yake.

Mkishawatengenezea wao, njia ya mgeni itakuwa tayari imetengenezwa pia. Kijana aliyebeba kabichi gengeni tangu utotoni ndiye anayejua jiwe lipi huteleza baada ya mvua, mti upi nyani huja kula matunda yake, na saa ngapi ukungu hufunga. Huyo ndiye wa kufundishwa huduma ya kwanza, majina ya ndege na namna ya kuzungumza na wageni, akapewa kitambulisho. Kule Sipi, upande wa Kapchorwa, vijana wa vijijini wameongoza wageni kwenye maporomoko kwa miaka mingi, na familia zao zinakula kutokana na kazi hiyo. Wageni hao hao wa Sipi wanapita Mbale, wanajaza mafuta, wananunua maji ya chupa, wanaondoka. Mlima wa Wanale wanautazama tu kupitia dirisha la gari.

Nikija kwenye urithi, naandika kwa adabu, kwa sababu wapo wazee wanaoyajua haya kwa undani usiofikiwa na mimi. Simulizi za Wamasaaba zinasema Masaaba, babu wa wote, alitoka mlimani, na wanawe watatu ni Mwambu, Wanale na Mubuya. Koo za kaskazini, za kati na za kusini zinajihesabu kwao hadi leo. Kwa hiyo mlima huu unaoning'inia juu ya mji una jina la mtoto wa nyumba. Simulizi hizo hizo zinaeleza jinsi Masaaba alivyompenda Nabarwa, binti wa majirani wa upande wa Wakalenjin, na jinsi binti huyo alivyokataa kuolewa mpaka Masaaba akubali kutahiriwa. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, imbalu, yaani tohara ya vijana, inazinduliwa Mutoto, pembezoni mwa mji, mbele ya umati mkubwa. Ngoma za kadodi zinapita mitaani, vijana wamepakwa unga wa mtama na kimea, wanakwenda kwa wajomba na mashangazi kuaga utoto. Kwa miezi kadhaa mji mzima unaishi ndani ya jambo hilo.

Halafu linakwisha, na mlima ambao ndio chimbuko lake unabaki bila mtu wa kuuendea. Mgeni aliyekuja kutoka Kampala, Nairobi au London kuona uzinduzi wa Mutoto anapiga picha zake siku moja na kesho yake ameondoka. Hakuna aliyempeleka juu akamwonyesha ukoo huu ulitokea bonde gani, mto huu vijana huoga kwa sababu gani, pango lile watu walijificha wakati wa vita gani. Wanaoweza kumwambia wapo. Wanazeeka. Kila msimu wa imbalu tunapohesabu wazee walioketi kivulini, kuna viti vilivyobaki wazi tangu msimu uliopita.

Hapa Inzu ya Masaaba ina kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Naomba wazee wakae na vijana wachache wenye simu za kurekodia, watembee nao njia hizi kipande kwa kipande, waeleze kila kituo kwa Lumasaaba, na masimulizi hayo yahifadhiwe, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Na waseme wazi mahali gani mgeni haruhusiwi. Si kila pango ni la kupigia picha. Kuna mahali pa matambiko ambapo koo peke yake ndizo zenye haki ya kuamua nani aingie na lini, na njia inaweza kupita mbali napo bila hasara yoyote. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona mahali pengine vitu vya heshima vikigeuzwa maonyesho ya kulipia, na watoto wa ukoo wakaanza kuvionea aibu.

Urithi wa mlima haukuishia kwa Wamasaaba pia. Mbale yenyewe ilikua chini ya Wanale mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu alipokuja kukaa hapa na watu wake kutoka Buganda. Mwaka 1919 Kakungulu na wafuasi wake wakaingia dini ya Kiyahudi, na jamii ya Abayudaya ipo hadi leo katika kilima cha Nabugoye, jirani tu na mji. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi. Mtu akisimama ukingoni mwa genge na mwongozaji anayejua kueleza, anaweza kuonyeshwa sinagogi, misikiti, makanisa na uwanja wa imbalu kwa kunyoosha kidole kimoja. Sijui mahali pengine Uganda ambapo hayo yote yanaonekana kutoka jiwe moja.

Sasa niseme juu ya maji, na hapa siwezi kuandika kwa utulivu.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua ilinyesha mlimani, na mto Nabuyonga pamoja na mingine ikavunja kingo. Zaidi ya watu 20 walikufa hapa Mbale na jirani zake. Nyumba zilizokuwa mabondeni zilisombwa pamoja na vyombo vyake, mabomba ya maji yaking'olewa, na mji ukakaa na kiu huku matope yamefika madirishani. Kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2010, kule Bududa, ardhi ilikuwa imeporomoka na kukifunika kijiji cha Nametsi pamoja na kituo chake cha afya, ikachukua mamia ya watu. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Mtu wa Elgon akisikia mvua ya usiku juu ya bati, halali kama mtu wa mahali pengine.

Mvua ni ya Mungu na miteremko ni mikali, hilo halina ubishi, na kuna sehemu za mlima huu zilizoporomoka hata kabla ya shamba kufika. Lakini tunajua pia kinachotokea mteremko ukivuliwa miti. Majani ya msitu hupunguza kishindo cha tone. Majani yaliyooza chini hunywa maji na kuyaachia taratibu. Mizizi mirefu huushika udongo ambao, huku kwetu, ni wa volkano, mzito, wenye kujaa maji upesi. Palipolimwa mahindi na vitunguu hadi ukingoni, maji hayapati cha kuyachelewesha. Yanakusanyika, yanakuja yote kwa pamoja, na yanamkuta mtu wa Namatala, mtaa wetu wa bondeni, amelala.

Mtu huyo wa Namatala na mkulima wa juu hawajuani. Wa chini anasema wa juu wanatuua kwa majembe yao. Wa juu anasema wa chini wanatuonea wivu kwa kipande cha ardhi tunacholishia watoto. Nimesikia maneno yote mawili, na kila upande ukisema kwa uchungu wa kweli. Serikali imejaribu kuzungumza na kila mmoja kwa wakati wake. Mimi naomba wakutanishwe njiani. Mpelekeni mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) wa Namatala na watu wake juu, kwa miguu, wakaone Nabuyonga unaanzia wapi, wakae na wenzao wa juu, wale pamoja malewa (machipukizi ya mianzi), waulizane maswali. Wakiteremka watakuwa wanajua jina la mtu wa kumpigia simu mvua inapoanza huko. Hata kama njia za Wanale zisingeleta mgeni mmoja, kwa sababu hiyo pekee zingestahili kufunguliwa.

Najua mtasema miti imekuwa ikipandwa, na ni kweli. Mwaka 1994 ulianza mradi wa fedha za Uholanzi wa kupanda miti ndani ya mpaka wa hifadhi ili ihifadhi kaboni. Miti ikaota. Lakini mpaka wenyewe ulikuwa na mgogoro, na wale walioamini ardhi ni yao waliifyeka mingi ya miti hiyo wakapanda mahindi. Pande zote mbili damu imemwagika katika ugomvi huo wa mpaka, askari wa hifadhi na wanakijiji, na sitaki kuandika hapa kama kwamba mmoja wao peke yake ndiye aliyekosa. Ninachokiona ni kwamba miti ile ilipandwa mahali ambapo majirani hawakuwa na sababu yoyote ya kuitakia heri.

Kuna mfano mwingine ulio bora. Tangu mwaka 2014, kila mtoto anayezaliwa Wales, Uingereza, hupandiwa mti mmoja kwao na mwingine huku Mbale. Miche hiyo hukuzwa katika vitalu vya wakulima wetu wenyewe, wanaopewa kahawa, matunda na miti ya kivuli waipande mashambani mwao, na kwa kuwa mti ni wao, wanautunza. Ninafurahi sana juu ya jambo hilo na nawashukuru watu wa Wales. Hata hivyo, siku nilipowaeleza wanafunzi wangu, msichana mmoja aliuliza mti wake yeye uko wapi. Sikuwa na jibu la kumpa. Mtoto aliyezaliwa umbali wa bahari mbili ana mti kwenye mteremko wetu, na huyu aliyezaliwa hospitali ya hapa mjini hana.

Mpeni mti wake. Kila mtoto anayezaliwa Mbale aandikiwe mche katika kitabu cha LC, na akifika darasa la nne apelekwe akauone. Kila kijana anayekabili imbalu apande mti kwenye njia ya ukoo wake kabla ya kusimama uwanjani, na dada zake wapande pia, maana msitu hauna habari na jinsia ya mkono. Ipandwe miti ya asili ya huku: mringaringa, podo, mikuyu, mizeituni ya Elgon. Mikalitusi inayo kazi yake ya kuni na nguzo, lakini tusiiite msitu. Wazee wa mila wakilikubali jambo hili na kulitangaza Mutoto kwa kinywa chao, litashika kuliko amri yoyote ya ofisini, kwa sababu hapa kwetu jambo linalofungamana na imbalu halifanyiwi mzaha.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa sheria ipo. Sheria ya wanyamapori inaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa jamii zinazopakana nayo kupitia serikali za mitaa. Naomba tarakimu hizo, za kila mwaka, zibandikwe kwenye ubao wa kila kata inayopakana na msitu: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotolewa, na kilifanya nini. Zibandikwe kwa lugha ambayo mama wa matoke anaisoma. Na pawe na ada ya mkazi, kwa shilingi, ndogo kiasi cha fundi wa cherehani kuweza kwenda na watoto wake Jumapili moja bila kukopa. Wanafunzi wa Mbale waingie bure angalau mara moja katika kila muhula. Hifadhi haitafilisika kwa hilo.

Vibao vya njiani navyo viwe kwa Lumasaaba na Kiswahili, pamoja na Kiingereza. Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na wageni wetu wa karibu kabisa, wale wa Bungoma, Kitale na Eldoret wanaovuka Malaba, Lwakhakha na Suam, wanasoma Kiswahili tangu chekechea. Hao ndio wageni wanaoweza kuja mwisho wowote wa wiki bila kupanda ndege. Mlima ni mmoja. Upande wao kuna mapango kama Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, na wanajua kuuthamini. Tuwakaribishe.

Zipo hofu, nami nazijua. Mtu wa hifadhi ataniambia kwamba ukifungua njia, anaingia mtembezi na nyuma yake anaingia mchoma makaa. Mchoma makaa tayari anaingia, na anapita usiku katika njia ambazo hakuna mwingine anayezipita. Njia yenye waongozaji kila siku, yenye watoto wa shule na wazee, ni njia yenye macho mengi. Kwa miaka mingi mmekuwa mkiingia mikataba na vijiji, mkiwaruhusu watu kuchukua malewa, dawa na kuni kavu kwa utaratibu, nao wakiwa walinzi wenzenu. Ombi langu linafuata mkondo huo huo, linaongeza tu watu wa mjini ndani yake. Mwingine atasema watu watatupa mifuko ya plastiki. Watatupa, mwanzoni, kwa hiyo kila kikundi kiwe na mwongozaji mwenye mamlaka ya kuwarudisha wakaiokote.

Hofu yangu mimi ni nyingine. Nahofu kwamba barua hii ikisikilizwa, atakuja mtu na mchoro wa hoteli ya ghorofa ukingoni mwa genge, na maegesho ya mabasi pale msitu unapoanzia. Tafadhali sana. Njia ya udongo, ngazi imara, vibao, vyoo visafi, vibanda vya kina mama wauze chai, viazi na malewa: hayo yanatutosha. Atakayelala, alale katika nyumba za wanakijiji au hoteli za mjini, ambazo vyumba havijai.

Yapo mambo mnayoweza kuanza nayo bila kungoja bajeti mpya. Iteuliwe kamati moja ya njia za Wanale, yenye mtu wa hifadhi, mtu wa jiji, mzee wa Inzu ya Masaaba, mwalimu, mwakilishi wa wachukuzi wa gengeni, na wakulima wawili wa mpakani, mmoja wao mwanamke. Watembee njia zote kabla ya msimu ujao wa imbalu. Waandike ngazi zipi ni mbovu, maporomoko ya ardhi yamekata wapi, mahali gani koo zimepaheshimu, na njia ipi inaweza kufunguliwa kwanza. Taarifa yao isomwe hadharani, Mbale mjini na Nkokonjeru pia, kwa lugha za watu, na maswali yajibiwe pale pale.

Walimu tuko tayari. Nimezungumza na wenzangu wa shule kadhaa. Wa sayansi, wa maarifa ya jamii, wa muziki. Tutakuja na watoto, tutaandika majina ya miti, tutasaidia kufasiri masimulizi ya wazee. Wachukuzi niliozungumza nao chini ya genge wako tayari kuionyesha kamati kila ngazi na historia yake. Wameomba jambo moja: mje siku ya soko, alfajiri, wakati mizigo inashuka, mvae viatu visivyoteleza, na msiwasimamishe ngazini kuwapiga picha.

Tunasubiri tarehe.

Wenu katika kuutumikia mji huu,
Mwalimu wa Kiswahili, Mbale